Mniko Magige na Magari Yake ya Alumini

Mchungaji wetu, wazee wa ukoo, majirani wa Mugeta mliokesha nasi, ndugu mliotoka Musoma, Bunda na Butiama, mimi naitwa Ghati Magige, ni dada mkubwa wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, kazi ambayo kwa umri wangu yeye ndiye alipaswa kunifanyia mimi, lakini mambo yamekwenda kinyume, kwa hiyo naomba mnivumilie pale sauti yangu itakapokatika.

Mdogo wangu Mniko Magige alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 hapa hapa Mugeta, wilaya ya Bunda, akiwa mtoto wa nne wa marehemu Mzee Magige na marehemu mama yetu Boke. Alianza shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1983 na kumaliza mwaka 1989, hakuchaguliwa kwenda sekondari, jambo ambalo lilimuumiza baba kuliko lilivyomuumiza yeye, kwa sababu macho yake yalikuwa barabarani siku zote, lori la pamba likipita anaacha ng'ombe analikimbilia, akirudi anakaa chini kulitengeneza kwa udongo, huku ng'ombe wameshaingia kwenye pamba ya jirani, na viboko vya baba alivipokea mikono ikiwa bado na udongo.

Mwezi Januari 1991 alikwenda Musoma, akapokelewa Mwigobero na fundi Mashimba, mtengenezaji wa sufuria, ambaye alimfundisha kusubu, yaani kuyeyusha alumini chakavu kwenye tanuri la mkaa na kuimimina ndani ya kalibu ya mchanga uliogandamizwa. Huko alikaa miaka mingi, na kuanzia mwaka 1996 alikuwa akitumia alumini iliyobaki jioni kusubu magari madogo ya kuchezea, ambayo mwanzoni yalikuwa mabaya, nasema ukweli na hata yeye alikuwa anajua, nilimwambia yanafanana na mche wa sabuni uliowekewa magurudumu, akacheka, lakini wiki ile hakunisalimia vizuri.

Kilichombadilisha ni gari la Bernado, ambaye yupo hapa mbele yetu. Mwaka 1997 Bernado alikuwa anabeba dagaa kutoka Mugango kwenda Bunda kwa pikapu kuukuu, na kwa sababu ya matope ya masika alikuwa ameikata nyuma na kuirefusha, amechomelea mabomba ya kushikilia mzigo, ameongeza springi za lori, na bomba la moshi amelipandisha juu pembeni mwa kichwa cha gari ili lisimeze maji, na mbele akapanga taa nyingi kuliko alizozihitaji. Mniko alipoiona pale Mwigobero aliacha tanuri likiwaka, akachukua kamba ya katani, akalipima gari zima huku anafunga fundo kila kipimo, na Bernado alipomuuliza kwa nini asipime magari mazuri ya dukani, alimjibu, "Gari likitoka kiwandani halinaga mwenyewe, likishakatwa na kuchomelewa ndo linakuwaga na mwenyewe."

Tangu siku hiyo hakusubu tena gari ambalo halijapita mikononi mwa mtu. Kila kilichobuniwa na mafundi na madereva wa mkoa huu, keria za mbao, bampa za reli, milango iliyogeuzwa, paa lililoinuliwa ili mbuzi wapate hewa, vyote vilihamia kwenye magari yake madogo, na watu wakaanza kuyanunua kwa sababu waliyatambua, mtoto anaokota kigari anataja jina la mwenye gari. Ikawa desturi ya madereva wetu kwamba gari likishafanyiwa mabadiliko halipakii mzigo wa kwanza kabla halijapelekwa kwa Mniko kupimwa, na baada ya muda dereva anapewa kigari kilichofanana na lake, wao wanakiita mtoto wa gari, anakibandika juu ya dashibodi, na wengi wenu mliopaki pale nje nimewaona bado mnavyo.

Kulikuwa na jambo moja ambalo alilifanya tofauti na magari yenyewe. Alumini inapoa haraka, sehemu nyembamba haifiki, kwa hiyo ilimlazimu anenepeshe magurudumu na kuinua mwili wa gari juu, ili alumini ipate njia ya kupita, na Bernado alipopewa kigari chake alilalamika, "Mbona hili si la kwangu, la kwangu halijapanda hivi," naye akamwambia, "La kwako nalo litapandaga tu." Watu wakakipenda kile kimo, wakasema ndiyo mtindo wa Mniko, na masika iliyofuata Bernado mwenyewe akaongeza springi nyingine, vijana wa Bunda nao wakaanza kuinua magari yao ya kweli yafanane na ya mkononi, na Mniko alifurahi sana, nani asingefurahi.

Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa kanisani Butiama na shemeji yetu Selestina, kwa mahari ya ng'ombe waliotoka kwenye zizi hili mnaloliona, na Mungu akawajalia watoto watatu, Diana aliyezaliwa mwaka 1999, Emanuel mwaka 2002 na Benjamini mwaka 2009. Alikuwa baba wa kucheza na watoto wake chini kabisa kwenye vumbi, na Emanuel ndiye aliyemfuata kila mahali, akakua anajua kuchomelea, na mwaka 2020 akaanza kazi Bunda kwa mafundi wa bodi.

Mwaka 2021 Bernado alimpa Emanuel pikapu yake kuukuu aifufue. Kijana hakwenda kutazama gari jingine lolote, alichukua kigari cha pikapu hiyo alichosubu baba yake, akakipima, akavizidisha vipimo, akaijenga pikapu ile kama kigari kilivyokuwa, kimo kile kile na magurudumu yale yale manene. Alipoileta nyumbani Musoma, Mniko alitoka na kamba yake, akaifunga mafundo kwa vipimo vya kigari vilivyozidishwa, akakuta yote yanaangukia mahali pake, akawaita majirani kwa sauti, "Njooni muone, leo mtoto ndo amemzaa mama!" Sikuwahi kumwona na furaha ya namna ile, na sikuiona tena.

Tarehe 11 Septemba 2021 Emanuel alikuwa anatoka Butiama kuwasalimia wajomba zake, na kwenye kona pikapu ile ikalala ubavu, mguu wake wa kulia ukabaki chini ya mlango, na madaktari waliukata ili kuokoa uhai wake. Sababu kila fundi aliyepo hapa anaijua, kigari cha mkononi magurudumu yake ni alumini tupu, uzito wote uko chini, hata ukikiinua namna gani kinasimama mezani, lakini gari la kweli likiinuliwa vile uzito unahamia juu. Mniko alipotoka kumwona mwanawe wodini aliniambia maneno ambayo hayajanitoka, "Dada, mimi niliinua ili alumini ipite, mtoto akadhani ni urembo, na mimi nikamsifia."

Alirudi nyumbani akachoma mifano yake yote ya mbao, ile aliyokuwa akiigandamiza kwenye mchanga kupata umbo la gari, kazi ya zaidi ya miaka ishirini, akarudia kusubu sufuria peke yake, na madereva waliokuja na magari aliwafukuza, wengine kwa matusi, ninyi mliotukanwa naomba mmsamehe.

Mwaka 2023 Emanuel, kwa mguu mmoja na magongo, aliwasha tanuri akaanza kusubu magari mwenyewe, akatafuta namna ya kuichoma alumini hadi iwe nyepesi ya kupita pembamba, na magari yake yakatoka chini chini, sawasawa na yale yaliyoko barabarani. Kila alipomaliza moja alikuwa analiweka kwenye benchi la baba yake, na baba yake alikuwa analifunika gunia bila kuligusa. Kijana alijaribu kumwambia kwamba hamlaumu, alijaribu mara nyingi, akiwa na mama yake na akiwa peke yake, lakini kila alipofungua mdomo Mniko alinyanyuka akatoka, na hapa niseme wazi kwamba jambo hilo lilinikasirisha, na linanikasirisha hata sasa nikiwa nimesimama mbele ya jeneza lake, kwa sababu wawili waliopendana hivyo waliishi ua mmoja miaka minne kama watu waliogombana, na hakuna aliyegombana.

Mwezi Novemba 2024 alianza kukohoa na kupungua mwili, uchunguzi ukaonyesha mapafu yameharibika sana, akatibiwa Musoma kwa kulazwa na kuruhusiwa, na tarehe 9 Agosti 2025 akalazwa mara ya mwisho. Asubuhi ya tarehe 19 Agosti alimwambia mke wake, "Kale kagari ka Ima kako wapi? Mniletee nikaone." Emanuel, ambaye baba yake alizoea kumwita Ima, alikuwa kwenye benchi la nje, akasikia, hakusubiri kuambiwa, akapanda bodaboda na magongo yake kwenda nyumbani kukachukua, na aliporudi baba yake alikuwa ameshakata roho. Muuguzi alimruhusu aingie, akakaweka kagari kwenye kiganja cha baba yake, vidole havikushika, basi akavikunja yeye mwenyewe kimoja kimoja, akavishikilia hivyo, na sisi tukashindwa kumwondoa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, mafundi wa Mwigobero waliochanga na kuja, madereva waliosimamisha safari zao, Bernado aliyemleta mpaka Mugeta kwa gari lake la sasa, majirani waliochota maji na kupika, na wote ambao siwezi kuwataja. Marehemu ameacha mjane, watoto watatu na mjukuu mmoja.

Emanuel ameniomba niongeze neno moja, maana yeye hawezi. Mniko, mdogo wangu, leo hutanyanyuka kutoka, kwa hiyo utasikia mbele ya watu wote hawa: mtoto wako hakulaumu, hajawahi kukulaumu hata siku moja, wala mama yake. Pumzika sasa kwa amani hiyo, ilikuwa yako siku zote.