Ukuta wa Mahakama ya Zamani

Tulipanda treni wote Kigwa. Mbele yangu alikaa Mzee Shilinde, fundi wa chokaa, na hilo alimwambia kila mtu kabla hata ya kuitikia shikamoo. Kando yake mama mmoja, Veridiana, alipakata chupa ya uji wa binti yake aliyejifungua jana mjini.

"Wodi ipi?" mzee akauliza.

"Ile iliyokuwa mahakama, babu. Wameipendezesha! Saruji na marumaru mpaka dirishani."

Mzee akafumba macho kama aliyesomewa hukumu. "Mwanangu, ule ni ukuta wa udongo, unene wake mkono mzima. Baba aliupaka chokaa, nami nikaupaka kila kiangazi, upate kupumua. Ukiufunga kwa saruji, unyevu unabaki ndani unauozesha. Nimewaendea wakubwa wa hospitali mara tatu. Wakanipa soda. Leo naenda ya nne."

Mimi soda ningeinywa.

"Kwani utaanguka lini?" Veridiana akauliza.

"Masika yakikolea. Au keshokutwa. Ukuta hautoi taarifa."

"Unanitisha, babu! Wahandisi wamesoma."

"Wamesoma. Kitanda cha binti yako kiko wapi?"

Veridiana akaikumbatia chupa. "Ukutani. Aliomba mwenyewe, anasema pana ubaridi."

"Ubaridi huo ndio maji, mwanangu."

Treni ikasimama Tabora. Veridiana akashuka mbio, hakuaga mtu. Mzee hakuinuka. "Ya nne anakwenda yeye," akasema, akaniuliza treni ya kurudi inaondoka saa ngapi.