Siku ya Kumtoa Mama Nyota Kundini

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi. Ndugu Meneja wa Kiwanda. Wakuu wa vitengo. Ndugu wageni waalikwa. Wafanyakazi wenzangu wa tanurini, stoo na magarini. Na wewe mwenyewe Mama Nyota, uliyekaa kiti cha mbele na kulikazia macho bango lililo nyuma yangu tangu ulipoingia: itifaki imezingatiwa, isipokuwa kwenye hilo bango.

Ndiyo, mama, tumeliona. Limeandikwa "Hafla ya Kumwaga Mama Yetu". Mama yetu si maji machafu, hamwagwi. Aliyeliagiza yuko hapa meza kuu, amevaa tai nyekundu, na kwa heshima ya cheo chake sitamtaja.

Ndugu wageni, mtajiuliza, kwa nini Mama Nyota? Mama huyu, anayestaafu leo, ndiye mkuu wetu wa usambazaji. Mkate ukikosekana dukani kwenu asubuhi, ni yeye anayepigiwa simu, na ni yeye anayejua gari limekwama wapi. Lakini jina hakulipata kwenye mikate. Alilipata kwenye kundi letu la simu, ambalo mimi, karani wa stoo, ndiye msimamizi wake. Ukiandika neno vibaya humo, kabla hujairudisha simu mfukoni, inaingia nyota moja, na baada ya nyota linakuja neno lako limenyooshwa. Hakuna salamu, hakuna samahani.

Dereva mmoja aliandika, "nime fika salama". Mama akajibu, "*Nimefika. Au umefika vipande vipande, tukuletee machela?" Binti wa kitengo cha ufungaji aliandika "xaxa naja", akaambiwa hiyo herufi airudishe kwenye hesabu alikoitoa. Fundi wetu wa tanuri aliandika kwamba yuko nyumbani "anakura", mama akamuuliza anamchagua nani.

Tulikasirika? Sana! Nani kati yetu hakuwahi kuandika ujumbe, akaufuta, akauandika upya, kisha akamvuta mwenzake pembeni: "Hebu nisomee hapa, nisije nikapigwa nyota"? Wapo walioamua kutuma sauti tu, ili wasionekane wanavyoandika. Mama akaanza kusahihisha na sauti.

Halafu, ndugu zangu, baba akafariki. Mume wake, yule mzee mrefu aliyekuwa akija kumsubiri getini jioni na mwavuli, hata siku ya jua kali. Mama alimzika, akakaa msibani, akarudi kazini, akapanga magari kama kawaida, mikate ikatoka kwa wakati. Lakini kundini, kimya. Fundi wa tanuri akaandika, "unga ume isha". Tukangoja nyota, haikuja. Ikafika jioni fundi akajisahihisha mwenyewe, na niwaambie ukweli, kitendo kile kilituuma wote.

Tukakutana kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mama akiwa ofisini kwake, tukala njama. Sijawahi kulisema hili mbele yako, mama, leo nalisema. Tulikubaliana kila mmoja aandike vibaya, vibaya kupita uwezo wake, mpaka mama ashindwe kujizuia.

Mnadhani ni kazi rahisi? Dereva wa gari kubwa, ambaye kwake jambo hili ni kipaji, tulimfanya mwalimu wetu. Akawa anapita kwa mmoja mmoja, anasoma simu ya mtu, anatikisa kichwa: "Bado inaeleweka hii. Tenganisha zaidi." Aliyetutesa ni mhasibu. Sisi tumejikamua, tumeharibu mpaka vidole vinauma, yeye anaandika, "Tafadhali leteni risiti zenu mapema." Safi kabisa, na nukta mwishoni! Tukamjia juu: "Dada, unatuharibia kazi!" Masikini akajikaza, akaandika "lisiti", kisha akaenda kunawa mikono.

Meneja hatukumwambia. Hatukuona haja.

Na Ndugu Meneja, leo pokea sifa zako, maana wewe ndiye uliyetuokoa. Sisi tulikuwa tunaigiza. Wewe uliandika kutoka moyoni. Naisoma kama ilivyo: "Wafanya kazi wote, kesho kuta kuwa na mkutano wa zalula, akuna ruksa ya kuto kuudhulia." Kiwanda kizima kikashika simu. Hata mashine ya kukatia mikate ilizimwa. Kisha ikaingia: "*Wafanyakazi. *Kutakuwa. *Dharura. *Hakuna. *Ruhusa. *Kutohudhuria. Meneja, nisamehe, lakini nimevumilia vya kutosha."

Shangwe iliyopigwa siku ile, majirani walidhani tumeongezewa mishahara. Trei nzima ilianguka na hakuna aliyejali kuiokota. Fundi wa tanuri alilia machozi, akasema ni unga umemwingia machoni. Tanurini hakuna unga, fundi. Unga unaishia kwenye mashine ya kukandia, na wewe unalijua hilo kuliko sisi.

Sasa tumefika pagumu. Hapa kiwandani tuna desturi: anayestaafu hutolewa kundini siku hiyo hiyo, mbele ya wote, maana mambo ya kazini ni ya walio kazini. Wa kumtoa ni mimi, na Meneja ameshaninong'oneza kwamba nikimaliza kuongea nibonyeze. Asubuhi mama alinifuata stoo, akafunga mlango, akaniambia: "Mwanangu, najua utanitoa. Ila usinitoe mbele za watu. Ngoja nifike nyumbani. Watoto kila mmoja ana mji wake, pale kwangu inaongea saa ya ukutani tu. Niache niwaage taratibu." Nikamjibu, "Sawa, mama," nikajifanya napanga magunia yaliyokwisha kupangwa.

Mama, nisamehe, simu naitoa hapa hapa. Lakini desturi inataka kwanza liandikwe neno la kuagana. Basi naandika, na wote mnaniona: "Mama tuna kutakia mapumziko mema, uta baki mioyoni mwetu xana." Nimetuma.

Naomba utulivu. Msimtazame. Nimesema msimtazame, jamani! Amekunja mikono. Anaangalia dari. Sasa anaangalia mkoba. Mkono umeingia kwenye mkoba. Miwani hiyo, imevaliwa.

Imeingia! Naisoma: "*Tunakutakia. *Utabaki. *Sana. Na ile lisiti ya mhasibu niliing'amua siku ile ile. Nililia, nikanyamaza ili muendelee. Meneja tu ndiye niliyejua hatanii."

Mheshimiwa Mwenyekiti, desturi yetu inasema anatolewa aliyemaliza kazi. Ushahidi ninao mkononi: huyu mama hajamaliza. Kidole changu hakibonyezi ng'o. Mwenye pingamizi alilete kwa maandishi, kundini, na mama atalipitia kabla sisi hatujalisoma.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu na subira yenu. Pale mlangoni kuna kalamu nene ya wino. Naomba apewe Mama Nyota, amalizane na bango kabla hatujapiga picha.