Mtambo wa Tatu

Benchi liko mbele ya kibanda cha kutengeneza simu. Mguu wake mmoja umetegewa tofali, na ukikaa upande wa kulia lazima uage kabla ya kuinuka, la sivyo wenzako wanakwenda chini. Wanaokaa hapo kila Jumamosi asubuhi ni wanne. Daktari ndiye mwenye kibanda, na wamempa jina hilo kwa sababu hajawahi kumrudishia mtu simu bila kumwambia kwamba ilikuwa inakata roho. Waziri ana mashine ya kutoa nakala mlango wa pili, na kwa kuwa karatasi za mtaa mzima zinapita mikononi mwake, anaamini ameshasoma kila kitu duniani. Mzee wa Birika anauza kahawa, ila siku hizi hazungushi tena, anakaa nayo papo hapo na anayeitaka amfuate. Wa nne ni Mwalimu. Huyu alifundisha ushonaji miaka kumi na tisa kwenye chuo kidogo cha ufundi, mpaka mkuu wa chuo alipokipangisha chumba cha mafunzo kiwe stoo ya magodoro, akasema wanafunzi watasomea mtandaoni. Hiyo ni miezi saba sasa, na miezi yote hiyo Mwalimu, akisaidiwa na hawa watatu, anatafuta mtambo wa mtandaoni wa kuwekea darasa lake. Uso umemsawajika, na kahawa yake imepoa mkononi.

Daktari aligeuza kompyuta ili wote waone. Katikati ya kioo palikuwa na kisanduku cha njano: Toleo jipya lipo tayari. Sasisha sasa.

— Asiguse mtu, alisema Daktari.

— Kwani kagusa nani? aliuliza Waziri, huku kidole chake kikiwa kimeshafika nusu ya njia.

— Nimekuona. Rudisha mkono.

— Kitu kipya kinakuja chenyewe, bure, mlangoni, halafu unakifukuza. Wewe ni fundi wa aina gani?

Daktari alijikuna shingo. Mwalimu alikuwa anamjua vya kutosha kutambua kwamba hapo pana jambo.

— Sema tu, alisema Mwalimu. Kuna nini?

— Tukisasisha, kila nilichorekebisha kinafutika.

— Kila kitu?

— Rangi, nembo, vitufe, ile menyu ya pembeni, salamu ya asubuhi. Vyote.

Ilibidi aeleze, na alieleza akiwa ameangalia chini. Mtambo huo, wa tatu tangu waanze, una sehemu yake maalumu iliyotengwa kwa anayetaka kuupaka rangi na kubadilisha maneno. Ukifanyia marekebisho yako hapo, toleo jipya likija halikugusi. Daktari hakupita hapo. Aliona ni njia ya wanagenzi. Yeye aliingia mpaka jikoni, kwenye mafaili ya mtambo wenyewe, akachokonoa moja baada ya jingine kwa wiki tisa, bila kuandika popote alichobadilisha. Sasa mtambo unataka kujisasisha, na ukijisasisha unarudi kama ulivyozaliwa.

— Na tusiposasisha? aliuliza Mzee wa Birika.

— Wadukuzi wanaingia.

— Waje kuiba nini kwa mafundi cherehani? Sindano?

Walicheka, isipokuwa Mwalimu. Mkuu wa chuo amempa mpaka Jumatatu. Jumatatu darasa lisipofunguka, kozi ya ushonaji inatolewa kwenye orodha ya chuo, na Mwalimu anatolewa pamoja nayo. Wakati chumba kinafungwa alikuwa na wanafunzi ishirini na watatu. Aliwaahidi kwa mdomo wake, wamesimama koridoni na mikasi yao kwenye mifuko ya plastiki, kwamba haitapita wiki tatu.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakuwahi kulitamka kwenye benchi hilo. Ndani ya mtambo hamkuwa na somo. Rangi zilikuwemo, mabango yalikuwemo, cheti chenye maua pembeni kilikuwemo, lakini ukibonyeza Anza Kusoma unakutana na neno Karibu, na chini yake weupe mtupu. Kila alipotaka kukaa aandike, aliambiwa ngoja kwanza tuhame, ngoja kwanza tupange menyu. Akangoja. Mwanzoni alikasirika, baadaye akazoea, na siku hizi, Mungu amsamehe, alikuwa anashukuru kila wanapoahirisha. Kuandika kulimwogopesha. Kwa mikono anaweza kumfundisha hata asiyejua kushika sindano, lakini akikaa mbele ya kioo maneno yanamkimbia. Aliona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa imemchosha kuliko kazi.

— Mimi nilisema toka mwanzo, alisema Waziri. Nilisema au sikusema? Tungechukua ule wa kukodi.

— Tuliuchukua, alisema Daktari. Ndio ulikuwa wa pili.

— Tukautoa kwa nini?

— Wewe ndiye uliyesema kitufe cha kijani kinafanana na cha chuo cha wauguzi.

— Kilifanana!

— Na hakikubadilika rangi. Ule ukishaukodi unakaa kama mpangaji, hupigi hata msumari ukutani.

— Basi hapo sasa, alisema Waziri, akanywa kahawa kwa kishindo. Dawa ni kujenga wetu. Kuanzia chini kabisa.

— Kufikia Jumatatu? aliuliza Mwalimu.

— Mwalimu, usinitie presha. Sikiliza. Tunajenga wetu, chuo chochote kikiutaka kinatuomba sisi. Mwanafunzi akifika mlangoni anaweka kidole gumba. Kamera inamtazama. Akipiga miayo mara tatu, somo linajifunga.

— Na akiwa mgonjwa?

— Alete karatasi ya hospitali, ninaitolea nakala, tunaipandisha.

Mzee wa Birika alimmiminia kila mtu bila kuulizwa. Yeye hana simu ya maana, lakini hajawahi kukosa la kusema.

— Mnajisumbua. Wekeni mitambo miwili. Mmoja wa kupendeza, mkuu wa chuo akija mnamwonyesha huo. Mwingine wa kusomea, hata ukiwa na sura mbaya, nani ataujua?

— Mzee, huo si ndio utapeli? aliuliza Mwalimu.

— Kwani sebuleni kwako na jikoni kwako kunafanana?

Daktari alitikisa kichwa. Lakini Mwalimu alimwona macho yanamng'aa, na alizijua dalili hizo: wazo jipya linakuja.

— Ninyi mko nyuma, alisema Daktari. Nimesikia ipo programu unairekodia sauti nusu saa tu. Baada ya hapo inafundisha yenyewe kwa sauti yako. Mwanafunzi akiuliza, inamjibu. Usiku, mchana, sikukuu. Mwalimu anaweza kulala. Anaweza kusafiri. Hata akifa leo, darasa linaendelea.

— Mbona unanizika na mimi nimekaa hapa?

— Ni mfano tu, kaka.

— Na itajuaje kwamba mtu ameshika mkasi vibaya?

— Tutaiwekea jicho, alidakia Waziri. Jicho juu ya meza. Akikosea, kioo kinakuwa chekundu na mtambo unamzomea.

— Nishani je? aliuliza Mzee wa Birika. Mjukuu wangu ana mchezo kwenye simu, ukishinda unapewa nyota, inaimba.

— Nyota zipo, alisema Daktari kwa uchungu. Nilishaziweka nyota. Tukisasisha zinakwenda.

— Basi kata mtandao! Mtambo usijue kama kuna toleo jipya.

— Ni darasa la mtandaoni, Waziri.

— Eh. Kweli.

Kisanduku cha njano bado kilikuwa pale pale, kinameremeta. Mwalimu alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu yeyote kati yao alitaja kitambaa, akashindwa. Alitaka kusema, jamani, ndani hamna kitu. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni. Akaimeza tena, kama alivyoimeza Jumamosi iliyopita na ile ya kabla yake.

Hapo ndipo alipotokea binti mmoja amevaa aproni ya duka la dobi, paji la uso linang'aa jasho, ameshika daftari lililofungwa kwa lastiki. Alisimama kando, akisubiri wamalize.

— Shikamooni.

— Marahaba, waliitikia wote. Daktari akamnyooshea mkono. Lete hiyo simu, mwanangu, imeanguka au imeingia maji?

— Sijaleta simu. Namtafuta Mwalimu.

Mwalimu alimtazama vizuri. Alikuwa yule wa safu ya nyuma, karibu na dirisha, aliyekuwa anakata pole pole mpaka wenzake wanamtania. Siku chumba kilipofungwa ndiye pekee aliyekifagia kabla ya kutoka.

— Karibu, mwanangu. Hujambo?

— Sijambo, mwalimu. Nimeambiwa Jumamosi unakaa hapa. Sitakaa sana, nimeomba ruhusa ya dakika ishirini, nina mashuka ya hoteli yananisubiri.

— Darasa linafunguliwa Jumatatu! alisema Waziri kwa sauti ya mkutano. Tuko hatua za mwisho.

— Nimesikia. Lakini mimi nimekuja kwa ajili ya lile somo la zamani.

— Somo gani? aliuliza Daktari.

— Lile la kukata mkono wa blauzi. Lilikuwa kwenye mtambo wa kwanza, ule wa kijivu.

Daktari alimwangalia Waziri. Waziri alimwangalia Mzee wa Birika. Mwalimu alihisi masikio yanapata moto. Alikuwa ameandika somo moja, kweli, mwanzoni kabisa, siku tatu mfululizo kwa kidole kimoja, na hakumwambia mtu kwa sababu hakuwa na hakika kama linafaa. Walipouacha mtambo wa kwanza lilizama nao. Aliamini hakuna aliyeliona.

— Ule ulikuwa mbaya, alisema Daktari taratibu. Tuliutoa kwa sababu hakuna aliyekuwa anaingia.

— Mimi nilikuwa naingia. Nilikuwa nanunua bando la mtandao la saa moja nikitoka kazini. Lilinisaidia, mwalimu. Ulivyoandika ndivyo unavyosema darasani, nilikuwa nakusikia kabisa.

Alitoa lastiki, akafungua daftari. Somo zima lilikuwa humo, kwa wino wa bluu, mwandiko wa kujibana ili ukurasa utoshe. Akasoma kwa kidole.

— Kunja kitambaa mara mbili, mkunjo uwe upande wako. Chora kichwa cha mkono, kule begani, kwa chaki, usiharakishe. Pima tena. Ukiridhika, shusha pumzi. Sasa chukua mkasi.

Akainua macho.

— Hapo ndipo bando langu lilipokatika. Niliponunua jingine nikakuta mmeshahama. Nikahangaika kwenye ule wa pili, sikulipata. Huu wa sasa nao unaniambia Karibu tu. Kwa hiyo nilitaka kuuliza, mwalimu. Baada ya kuchukua mkasi, tunafanyaje?

Daktari alishusha kifuniko cha kompyuta taratibu, kisanduku cha njano kikazimika ndani. Mzee wa Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni, likatoa matone mawili na masalia.

Mwalimu aliikumbuka siku ile. Alikuwa amefika neno mkasi, Daktari akaja mbio kumwambia wanahama, kuna mtambo mzuri zaidi. Alifurahi kuacha. Kilichofuata neno hilo hakukiandika mahali popote.

— Si bando lako, alisema. Mimi ndiye niliyeishia hapo.

Binti aliliangalia daftari, kana kwamba kosa lingeonekana humo.

— Ahaa, alisema. Miezi mitano nasema ni bando langu.

— Nisamehe, mwanangu.

— Na wenzangu nao nimewaambia ni bando langu. Niliwatolea nakala, tuko sita tunaofuata hilo daftari. Kila mtu ameshachora, mwalimu. Vitambaa vimekunjwa, chaki imeanza kufutika. Tunangoja kukata.