Atakayesimama Kusema

Edna, zima televisheni. Isack, vuta kiti ukae karibu na dada yako, maana sauti yangu imebaki kidogo na sitaki iishie kwenye kuamua ugomvi.

Nimewasikia jikoni. Edna anataka nisafirishwe nikazikwe Tarime, Isack anataka nizikwe hapa Maryland, na tangu Jumapili hamsemeshani, mnapishana mlangoni kama wapangaji. Inaniuma, wanangu, kuliko huu ugonjwa.

Mnamjua Cicero, yule Mrumi ambaye nilifundisha hotuba zake seminarini mpaka wanafunzi wakanibandika jina lake. Mtu wa mji mdogo, asiye na ukoo wa kutajwa, akapanda kwa ulimi wake mpaka akawa konsuli, cheo kikubwa kuliko vyote Roma. Ulimi huo huo ukamponza: alimsema Antoni hadharani, na Antoni akataka auawe. Akakimbia pamoja na mdogo wake, Kwinto. Njiani wakaachana, Kwinto akarudi nyumbani kuchukua mahitaji, na kila mmoja akauawa mbali na mwenzake. Kichwa cha Cicero na mikono yake vikatundikwa kwenye jukwaa alilozoea kuhutubia. Ujanani nilikililia kile kichwa. Siku hizi nawalilia wale ndugu wawili wanaoagana njiani.

Basi shikeni neno langu. Nizikeni hapa, alipolala mama yenu. Edna, najua umeumia. Wapigie simu wa Tarime wewe mwenyewe, uwaambie nimetaka mimi. Na wewe Isack, usifurahi mapema. Msemaji wa familia siku ya mazishi ni wewe, na utasema Kiswahili. Usinianzie “Dad, I can't.” Unakielewa chote. Ulikiacha ukiwa mdogo kwa sababu dada yako na wageni walikucheka sebuleni kwetu pale Wheaton, ukafunga mdomo mpaka leo.

Cicero naye alikuwa na mwana, watu wakimwona mlevi tu, hana la kusema. Antoni aliposhindwa vitani, ni mwana huyo aliyesimama Roma kuwasomea watu habari hiyo. Jukwaa lile lile, Isack.

Shikaneni mikono. Hapa, juu ya kifua changu. Mungu awalinde... awape umri, awape watoto watakaowasikiliza... Nipe maji kidogo.

Edna. Siku hiyo usimame naye, bega kwa bega. Akikosea... mama, usimsahihishe. Mwache aseme.