Landrova ya Mzee Semboja

Kijiwe cha Kilole siku hiyo hakikuwa na kicheko. Mama yake Lea alifariki juzi hospitalini, kaburi limeshachimbwa kwao Lutindi, juu mlimani, na gari jipya lililokodiwa kumpeleka lilifika chini ya mlima, likawasha taa nyekundu, likagoma. Jeneza likarudishwa Korogwe. Mvua nyingine ilikuwa inajikusanya. Basi wanaume wa benchi, vikombe vya kahawa mkononi, wakafanya wanachofanya siku zote mtu akipatwa na shida: wakabishana, safari hii kuhusu magari. Mzee Semboja, dereva mstaafu waliyemwita Dizeli, alikaa pembeni. Gari lililokuwa likisifiwa ni lake, Landrova ya zamani iliyofunikwa turubai nyuma ya nyumba yake.

— Magari ya siku hizi yana woga, alisema Jabiri Spana, mwenye mashine ya kusaga. Yakiona tope yanapiga hesabu kwanza.

— Si woga, ni akili, alisema Godlisten, muuza simu, ambaye walimwita Kompyuta. Lile limeupima mlima, likajua litakufa, likakataa. Hilo la Dizeli lingejuaje?

— Linajua njia. Lilishatoka Mnyuzi mpaka hapa dereva kasinzia, alijibu Jabiri.

Habakuki, mkulima mwenye mkokoteni wa punda, akatema kashata iliyomkwama jinoni.

— Mnyuzi ni karibu. Mimi nililiona likipanda Lutindi rejeta haina maji. Lilikuwa linakunywa ukungu.

— Ukungu? aliuliza Kompyuta.

— Ukungu, ndugu yangu. Hilo jipya ukilinyima maji linapiga simu Japani kukushtaki.

Siku nyingine Semboja angetabasamu. Leo kila sifa ilimchoma, na alitamani wabadilishe mazungumzo.

Lea akaja, kanga kiunoni, macho yamevimba.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba mwanetu. Pole sana.

— Mzee Semboja, wameniambia gari lako linapanda Lutindi hata kwenye mvua. Linawaka?

Jabiri aliinamia kikombe chake. Betri ya Landrova ilikuwa kwenye mashine yake tangu mfungo wa mwaka juzi. Magurudumu mawili ya nyuma yalikuwa kwenye mkokoteni wa Habakuki. Hata Kompyuta, aliyelibeza, alikuwa na redio ya gari hilo dukani kwake. Hakuna aliyeiba. Semboja mwenyewe ndiye aliyewaambia chukua tu, utarudisha, kwa sababu mtu mwenye kitu cha kuazimwa bado ana jina kijiweni.

— Betri naweza kuileta jioni, alisema Jabiri kwa sauti ndogo.

— Jioni barabara itakuwa haipo, Mzee Jabiri, alisema Lea.

Semboja akaona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu apewe leseni.

— Haliwaki, mwanangu. Mwaka wa pili huu. Nilikuwa naona raha wakilisifia, nikaogopa kusema.

Lea hakumlaumu. Alisema atatafuta gari lolote la kufika chini ya mlima, na kutoka hapo anaomba watu wa kubeba jeneza mabegani. Wa kwanza kusimama alikuwa Semboja, ameshika benchi kwa mikono miwili. Lea akayatazama magoti yake yanavyotetemeka.

— Kaa tu, mzee, akamwambia, akawageukia wengine.