Sentensi Ambayo Dada Maliza Hakuisoma

Kwa niaba ya familia, anayewasomea haya ni mdogo wa marehemu, mwenye duka la njia panda, na sauti yake ikikwama mahali anaomba mumvumilie, kwa sababu karatasi hii ameiandika mwenyewe, na ndani yake lipo jambo ambalo familia hii haijawahi kulisikia.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Dada Maliza, alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, katika nyumba ya pili kutoka kisimani, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watano wa fundi seremala na mkewe mkulima, na inasemekana siku hiyo alilia kwa nguvu hata baba yake akaitupa randa na kuja mbio. Sauti hiyo haikupungua tena. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, akaendelea na sekondari ya bweni hadi 1975, kisha akajiunga na chuo cha uuguzi, alikohitimu tarehe 30 Novemba 1978.

Tarehe 2 Januari 1979 aliripoti kazini kwenye zahanati yetu ya vyumba vitatu, akapokewa na mizani ya watoto isiyo na mshale na kabati lisilofungika, na hapo alikaa miaka thelathini na minane bila kuomba uhamisho. Tarehe 18 Septemba 1982 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, mtu mpole ambaye mwenyewe anakiri kwamba nyumbani kwao kazi ya kuongea ilikuwa ya mke, wakajaliwa watoto watatu, ambao wote wapo hapa pamoja na wajukuu saba.

Jina la Maliza alilipata kazini. Aligundua kwamba wagonjwa aliowapa antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria, za siku saba, walimeza siku mbili, wakapata nafuu, zilizobaki wakazifunga kwenye leso wamngoje mgonjwa mwingine, wengine waligawana mume na mke nusu kwa nusu, na yupo bwana mmoja, amekaa hapa mbele na hatutamtaja, aliyezifungua akawamwagia kuku kwenye maji. Alipoona benchi la zahanati halitoshi, alihamia kwenye foleni ya mashine ya kusaga, mahali ambapo hakuna anayethubutu kuondoka akapoteza nafasi yake, akawa anashindana na mngurumo wa mashine, akiwaambia kwamba mafua hayatibiwi na antibiotiki hata umeze kopo zima, kwamba dawa ya jirani si dawa yako, kwamba ukiandikiwa siku saba basi maliza siku saba, na kwamba dawa zikichezewachezewa vijidudu huzizoea, na siku unayozihitaji kweli hazikusaidii.

Kikwazo chake kikubwa kilikuwa ndugu yake wa damu. Mdogo wake huyu aliuza vidonge hivyo viwili viwili, kutoka kwenye kopo la plastiki lililokaa kati ya sabuni na viberiti, bila kumuuliza mtu anaumwa nini, na dada alikuwa akiingia dukani na kuwahoji wateja mmoja mmoja mpaka wanaondoka mikono mitupu, hadi mwaka 1996, mdogo wake alipompiga marufuku kukanyaga pale na kumwita askari wa vidonge mbele za watu. Kwa miaka saba walisalimiana misibani tu.

Mama yao naye, kila alipohisi baridi au viungo vikimuuma, alituma mtu dukani, na mwanawe alimpelekea vidonge viwili, wakati mwingine vinne, akijisifu moyoni kwamba anamtunza mama. Tarehe 11 Agosti 2003 mama alishikwa na homa kali iliyotokana na maambukizi ya njia ya mkojo, akalazwa, dawa ya kwanza ikashindwa, ya pili ikashindwa, na daktari akawaita watoto wawili hawa kwenye korido, akawauliza mama amekuwa akimeza nini nyumbani. Mama alifariki tarehe 23 Agosti. Dada ndiye aliyeandika historia ya mama, na mbele ya waombolezaji alisoma tu kwamba mama aliugua kwa muda mfupi, akaikunja karatasi, akaketi, wala hakumtazama mdogo wake.

Wiki iliyofuata mdogo wake alilibeba kopo lile hadi zahanati, akakaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa, na zamu yake ilipofika dada alilipokea, akaliweka chini ya meza, akamuuliza kama amekula. Hakumkumbusha jambo hilo hata siku moja, na mdogo wake alitamani sana amkumbushe.

Dada alistaafu mwaka 2017, akaanza kusumbuliwa na moyo mwaka 2021, na mwezi Machi mwaka huu mdogo wake alimwomba ruhusa ya kuisema hadharani sentensi ambayo dada aliiruka alipoisoma historia ya mama. Dada alikataa mara mbili, akisema mama alipendwa na hilo latosha, mara ya tatu akakubali, ila kwa sharti kwamba aseme pia alifanya kwa upendo, kwa sababu wote wanaofanya hivyo majumbani wanafanya kwa upendo, na ndiyo maana ni vigumu kuwakataza. Alifariki Jumanne, tarehe 7 Mei 2024, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake wa zahanati, majirani mliotuchotea maji siku zote hizi, na mwenye mashine ya kusaga, ambaye tangu Jumanne hajaiwasha.

Na sasa, dada yangu, naisoma. Mama yetu aliugua siku kumi na mbili, na dawa zilishindwa kumponya kwa sababu ya vidonge nilivyokuwa nikimpa mimi, mwanawe, kwa upendo. Pumzika kwa amani.