Birikti Hakuwa wa Kresensi

Marehemu Birikti binti Mattani alizaliwa hapa Agbali, mwezi Machi, mwaka wa tatu wa Kaisari Severo.

Shule hakwenda. Alifundishwa imani miaka mitatu, akabatizwa Pasaka moja na dada yake, Sidoni. Kazi yake ilikuwa tanuri. Mikate ya meza ya Bwana, mingi ilitoka kwake.

Aliolewa na Gududi, mkamua zeituni. Siku ya arusi Birikti alimnusa bwana arusi mdomo kwanza.

“Umekunywa?”

“Kidogo.”

“Kidogo cha nani?”

Ilipotoka amri ya Kaisari Desio ya kufukizia miungu ubani, Birikti alikataa. Alifungwa Kartago, akarudi hana meno ya mbele. Ndipo kasisi Kresensi alipojiita askofu, na askofu wetu, Baribali, yu hai. Akasema waliofukiza wasipokelewe tena kamwe. Aliyefungwa kwa ajili ya imani neno lake lina uzito, basi akamjia Birikti.

“Mama, wewe ndiye nguzo yetu.”

“Na wewe, baba, tulipokuwa tunasakwa, ulikuwa wapi?”

“Nilikuwa nasali.”

“Ndani ya tangi la maji la mjomba wako?”

Hata hivyo Kresensi hakuacha kuja.

Baridi ya mwaka huu kifua kilimbana. Gududi akiwa kwenye zeituni, mjane mmoja wa upande wa Kresensi alimletea mkate wao uliobarikiwa. Ukila mkate wa askofu, wewe ni wake. Hilo kila mtu analijua. Gududi aliporudi, mkate haupo.

“Umekula?”

“Muulize kuku.”

Alifariki alfajiri ya siku ya pili yake, katikati ya Februari.

Sasa watu wa Kresensi wanasema alikula, kwa hiyo azikwe kwao. Wanataka kaburi la mtu aliyefungwa, wapate la kuonyesha. Yule mjane ameulizwa kama alimwona akimeza. Ameangalia chini. Gududi ameishi na mke huyu tangu ujana. Cha Kresensi asingekimeza.

Ameacha mume, binti yake Namfame, wajukuu watatu, na dada yake Sidoni.

Waliosimama kule nyuma na Kresensi wanakaribishwa kulia. Kumbeba, hapana. Kaburi limechimbwa refu kwenda chini, na Gududi atalala juu yake mpaka udongo ushikane.

Apumzike kwa amani, hapa hapa anapowekwa.